Karatasi ya Juu

Elerai, Arusha
Jumatano

Kwako kaka yangu Efraimu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, huko Dodoma. Sisi huku miili haijambo. Migomba imepata mvua, na kahawa ya nyuma ya nyumba imeanza kutoa maua. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na namba ya Mama umeifungia kabisa. Lydia wa mama mdogo anakuja huko kesho, nimemwomba akupe mkononi.

Kaka, nimekasirika, na nimekukasirikia wewe.

Ulimwambia Mama kwamba ameuza kifo cha Baba kwa sahani ya pilau. Ulimwambia hivyo mwanamke aliyemuuguza Baba miaka minne, akimwegemeza kwenye mito ili apate pumzi, baada ya Baba kumeza moshi wa dizeli miaka thelathini kwenye mashine ya kusaga pale Usa River. Maneno hayo uliyapata wapi? Tangu siku ile Mama hali vizuri, na kwaya ameacha kwenda.

Najua ulichokiona. Nchi za kanda yetu zinataka dizeli yenye salfa nyingi isiuzwe tena. Chama cha wasafishaji mafuta, ambako mimi ni karani, kinapinga. Kinasema mitambo yao ni ya zamani, kuibadilisha si kazi ya leo na kesho, basi waongezewe miaka kumi. Hayo ni maoni yao, na wana haki ya kuyasema. Lakini waliyapeleka kwenye kamati ya kanda inayokusanya maoni, pamoja na orodha ya wakulima mia mbili wa Meru wanaowaunga mkono, na jina la kumi na moja ni Eunike, mama yetu. Picha ya orodha ikazunguka kwenye simu za watu mpaka ikakufikia.

Wewe hukuwepo, mimi nilikuwepo. Mama alisimama mbele ya kamati kueleza jinsi mapafu ya Baba yalivyokwisha. Meneja wangu, Thomasi, akainua orodha, akamuuliza kwa upole wa kinafiki kama ile sahihi si yake. Mama akasema ni yake, ila alisaini mahudhurio ya semina ambayo chama chetu kiliwaandalia wakulima kwenye ukumbi wa usharika, kama tunavyosaini semina zote. Watu wakacheka. Mwenyekiti akamuuliza ni nani aliyempa hiyo karatasi. Mama akasema hakumbuki. Hapo ndipo kila mtu, na wewe ukiwemo, alipoamua kwamba anadanganya.

Alidanganya kweli, kaka. Anakumbuka vizuri sana. Karatasi nilimpa mimi. Hata kalamu ilikuwa yangu, akanirudishia na kuniambia niwahi kula kabla pilau haijaisha.

Siku ile ya semina karatasi ya juu iliandikwa Mahudhurio. Za chini zilikuwa na majina na sahihi tu. Wiki iliyofuata Thomasi aliniamuru niitoe ile ya juu, nichape nyingine: Wakulima Wanaounga Mkono Maoni Yetu. Nikachapa. Nikazibana kwa stepla, nikampelekea, nikaenda kunywa chai. Jina la Mama nililiona. Nilijiambia hakuna atakayelisoma. Na Mama alipoulizwa, nilikuwa nimeketi nyuma ya Thomasi, nimeshika faili. Alinitazama kabla ya kujibu. Mimi nikainamisha kichwa.

Ile karatasi ya Mahudhurio sikuitupa. Leo asubuhi nimeikabidhi kwa kamati, pamoja na maelezo yenye jina langu na sahihi yangu. Kufika saa sita nilikuwa nimeshafukuzwa kazi. Nakala imo humu ndani, isome mwenyewe.

Matusi yako nitumie mimi, nayastahili. Lakini kwanza mpigie Mama. Nilipomweleza nilichokifanya leo, hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniuliza tu kama nimekula.

Wasalimie wifi na watoto, uwaambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Nanyori