Chuma Kinakalia Nini

Mpendae, Unguja
13 Aprili 2025

Mwanangu Salhiya,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila mvua imetukamata tangu Idi ilipokwisha, nguo hazikauki. Mama'ako kifua kimempungua. Yeye ndiye anayezipiga picha barua zangu na kukupelekea kwa simu yake, kwa hivyo siwezi kumsema humu. Wewe u hali gani na baridi ya Izmir? Unakula?

Nna kazi mpya. Bwana Wakil kanipa nyumba yake ya Malindi, ile ya ghorofa mbili nyuma ya bandari, anataka kuigeuza iwe ya wageni. Vyumba viwili vya chini anataka viwe ukumbi mmoja, tuutoe ukuta wa kati. Unazijua nyumba zetu za mawe: ukuta wa kati ndio uliobeba boriti za huku na za huku. Ukitoka, lazima kitu kingine kibebe. Kaleta chuma kizito, watu sita ndio hukinyanyua. Mimi nimejenga kwa mawe na chokaa miaka thelathini na moja, lakini chuma sikijui. Nikamwambia Wakil, usihangaike, mwanangu anasoma uinjinia wa majengo Uturuki, mwaka wa tatu huu, atatupigia hesabu.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Picha za chumba mama'ako atazitia. Juu anakaa Bi Nassra, shangazi yake Wakil, mshonaji, na cherehani yake na mabuibui ya watu. Hataki kuhama hata kwa siku moja.

Tuambie kama chuma kitatosha. Kurwa, mwenzangu wa kazi, anakusalimu sana.

Baba yako,
Jaku


Izmir
16 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kifua cha mama kimepungua, mwambie asiache dawa kabla haijesha. Mimi mzima. Baridi imevunjika, miti ya huku imeanza kutoa maua. Masomo yanakwenda vizuri. Mitihani ya kati tumemaliza wiki iliyopita, nnasubiri majibu.

Hesabu nimeipiga mara mbili. Chuma kitabeba dari, Bi Nassra, cherehani na mabuibui yake yote, na nguvu itabaki karibu thuluthi. Kiingizeni ukutani inchi tisa kila upande. Usiwe na wasiwasi kabisa.

Baba, hujawahi kuniuliza kitu cha kazi yako. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Mwanao,
Salhiya


Mpendae
20 Aprili 2025

Mwanangu Salhiya,

Assalaam alaykum, na marahaba. Sote wazima. Jana mama'ako kapika pweza wa nazi, tukakutaja.

Barua yako nimeisoma mbele ya Wakil na mafundi wote. Nilipofika pale pa thuluthi nimepasoma tena. Wakil akacheka, akasema, "Basi injinia keshasema." Tumeweka siku: Jumamosi hii ya tarehe 26, siku ya Muungano. Malori ya bandarini yatakuwa machache, tutapata kukipitisha chuma kichochoroni.

Kurwa ndiye aliyenikera. Ule upande wa mlango, ambako chuma kitaingia, kaugonga kwa kitako cha nyundo akasema, "Jaku, humu ndani mna uji. Maji ya choo cha juu yanaingia humu miaka." Nikamwambia, "Wewe na chuo nani anajua zaidi?" Akarudi kwenye kazi yake.

Sasa Wakil anataka karatasi. Uandike kwamba chuma kinafaa, jina lako, jina la chuo, na utie saini. Chini yake andika injinia. Nimemwambia hilo jambo dogo.

Baba yako,
Jaku


Izmir
22 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Natumai nyote hamjambo. Mimi mzima.

Karatasi ya Bwana Wakil hiyo hapo chini, nimeipiga picha. Nimeandika kama alivyotaka. Msiisambaze kwa watu wengine, tafadhali.

Mwanao,
Salhiya


Izmir
Ijumaa, 25 Aprili 2025, saa kumi alasiri

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Mama, ukiisoma hii kwanza, usikae nayo. Mpelekee baba sasa hivi. Simu yake nimepiga mara saba, haipokelewi.

Msiuguse ukuta kesho.

Mimi siko mwaka wa tatu. Somo la nguvu za majengo nimeanguka mara mbili, na tangu Februari chuo kimenisimamisha. Mitihani ya kati niliyokuandikia sikuifanya. Asubuhi nnafanya kazi kwenye duka la mikate. Mchana nnaingia darasani nikakaa nyuma, profesa kanihurumia, kaniruhusu nisikilize. Nimebakiwa na mtihani mmoja wa kurudia, mwezi wa Juni. Nikianguka tena, natolewa.

Leo profesa kachora chuma ubaoni, kauliza kitabeba kiasi gani. Nikajibu mbio, kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa kama ile niliyokufanyia. Akasema, "Sawa. Na kinakalia nini?" Nikatoka nje nikaanza kukupigia simu.

Baba, mimi nilikihesabu chuma, ukuta sikuuhesabu. Uzito ambao ule ukuta wa kati uliubeba kwa urefu wake wote, sasa utashuka mahala pawili tu, na pamojawapo ni huo upande wa mlango wenye uji. Maneno ya Ami Kurwa niliyasoma katika barua yako. Nikayaruka. Ningeyajibu, ingebidi niseme sijui, na ukishaniuliza kwa nini sijui, ningekuwa sina pa kujificha.

Karatasi yangu ni ya uongo. Ichaneni. Mtoeni Bi Nassra. Dari itegemezeni kwa magogo, mtafute injinia wa kweli aje autazame ukuta kwa macho yake.

Nimekudanganya miezi mitatu. Nichukie, lakini ukuta uache.

Salhiya


Izmir
27 Aprili 2025

Baba, Mama,

Shikamooni. Nnaona ujumbe wangu ulisomwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Tangu hapo simu ya mama imezimwa na ya baba inaita tu. Niambieni neno moja. Hata la kunitukana.

Mwanenu


Izmir
3 Mei 2025

Baba,

Bi Nassra yu hai?

Salhiya


Mpendae
11 Mei 2025

Salhiya,

Assalaam alaykum. Bi Nassra mzima. Kurwa yu hai. Nimetanguliza hayo kwa sababu najua ndiyo uliyokuwa ukiyangojea, na nimekungojesha siku kumi na sita.

Barua yako mama'ako aliisoma ile Ijumaa. Hakunipa. Anasema alinitazama nilivyokuwa nikila, nikisimulia habari za kesho, akashindwa. Akaizima simu akaitia kabatini. Asubuhi mimi nshatoka, akaitoa simu kabatini. Akavaa buibui akaja Malindi.

Alinikuta juu ya jukwaa. Nusu ya ukuta tulikuwa tushaitoa, na chuma kimeshaingia upande wa mlango. Akasema, "Jaku, shuka." Nikamjibu nnafanya kazi. Basi akaiwasha simu, akaisoma barua yako pale pale, mbele ya Wakil na Kurwa na wabebaji wanne, tangu shikamoo mpaka jina lako. Sauti haikumtetemeka.

Nakwambia kweli: nilitaka kuendelea. Nilikuamini kila neno, lakini niliona haya. Wakil akasema, "Mambo ya nyumbani kwenu kayamalizeni nyumbani. Mimi karatasi nnayo, ina saini. Piga kazi." Na mimi nikainyanyua nyundo. Nikapiga mara mbili, mama'ako ananitazama, na huku nnajua.

Kurwa hakubishana na mtu. Aliiweka patasi yake chini akapanda ngazi. Tukamsikia juu, "Bi Nassra, tushuke." Bibi akasema hashuki, ana nguo za harusi za watu. Kurwa akainyanyua cherehani akashuka nayo, na bibi nyuma yake anamtukana ngazi nzima. Walipofika mlangoni, Kurwa akajibanza ubavuni, akamwambia, "Pita wewe kwanza, Bibi."

Bibi akapita. Hapo nikaona chokaa inamwagika pembeni ya chuma, laini, kama unga unapochekechwa. Nikapiga ukelele. Mama'ako alikuwa keshatoka nje, wabebaji wakaruka dirishani, Wakil mbele yao. Ule upande wa mlango haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka, kisha ndipo dari ikaufuata na boriti tano. Kurwa alikuwa bado yuko na cherehani mikononi. Mguu wake wa kulia umevunjika pawili, chini ya goti na kwenye kifundo.

Siku zote hizi nilikuwa hospitali, nimekaa kitandani kwake. Hajanilaumu hata mara moja. Angenilaumu ningepumua.

Wakil kaipeleka karatasi yako kwa wakaguzi, anasema injinia ndiye aliyeruhusu. Wameniita. Nikawaambia, "Karatasi hii niliiomba mimi, kwa mtoto niliyejua hajamaliza masomo. Mwenzangu kanambia ukuta umeoza, nikamnyamazisha. Mimi ndiye fundi, na mkono wangu uliugusa ule ukuta kabla ya mtu yeyote." Wameyaandika. Kazi nimezuiliwa mpaka uchunguzi umalizike.

Kuhusu chuo, leo sina la kukwambia. Mama'ako anayemlilia ni yule Salhiya wa duka la mikate. Anauliza ulikuwa ukiamka saa ngapi na kama ulikuwa na koti. Mimi nna hasira na wewe, na nna hasira nyingine, hiyo ni juu yangu mwenyewe. Usipige simu. Nikiweza nitaandika.

Jaku Mcha


Izmir
14 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Namuomba Mungu amponyeshe Ami Kurwa, na amtulize mama. Mwambie koti ninalo.

Simu sipigi. Nimewaandikia wakaguzi mwenyewe, nimewapa jina langu na ile barua ya chuo ya kunisimamisha. Nimewaambia kwamba neno injinia nililiandika nikijua si langu. Umeyabeba yote peke yako na hayakuwa yako yote.

Profesa naye nimemweleza. Akasema mtihani wa Juni bado ni haki yangu, nikiutaka.

Barua niliyomwandikia Ami Kurwa nimeitia pamoja na hii. Msomee, hata akikataa kusikiliza.

Mwanao,
Salhiya


Izmir
19 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Wiki tano sijapata barua yako, nami sikuuliza, ulisema utaandika ukiweza. Natumai afya zenu nzuri. Mimi mzima wa mwili.

Majibu yamebandikwa saa tano asubuhi. Nimeanguka. Yalitakiwa maki hamsini, nimepata arubaini na nne. Ninapokuandikia ni saa tano na robo, niko bado kwenye korido ya chuo. Jina langu linatolewa.

Ruhusa ya kukaa huku inakwisha mwisho wa Agosti. Mwenye duka la mikate kasema anaweza kunisaidia nibaki. Sijui nifanye nini. Sijui, Baba.

Mwanao,
Salhiya


Mpendae
22 Juni 2025

Mwanangu Salhiya,

Marahaba. Sote hatujambo. Mvua imekwisha, mama'ako kaanika magodoro. Barua yako kaniletea papo hapo, hata viatu hakuvaa.

Kurwa yuko nyumbani kwake, anatembelea magongo. Daktari kamwambia ngazi asizipande tena. Barua yako nilimsomea mwezi uliopita. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pale pa ukuta, pasome tena." Nikapasoma. Akasema, "Huyo kaelewa sasa." Akaomba chai, basi.

Wakaguzi wamemaliza. Wakil ameamriwa ampangishie shangazi yake mahala pengine na airudishe nyumba kama ilivyokuwa. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na nimeruhusiwa kufanya kazi chini ya injinia, mwanamke, anaitwa Bi Sumaiya. Siku ya kwanza alikaa mle ndani saa mbili nzima, hakuandika kitu. Siku ya pili akaniuliza mimi ukuta ulikuwaje kabla. Mengine nikamjibu. Mawili nikamwambia sijui. Hakukunja uso, akaandika "haijulikani" akaendelea na kazi yake.

Nikakaa nikafikiri juu yako. Ulikuwa darasa la sita, na mimi nikipita na wewe sokoni nikiwaambia watu huyu ndiye injinia wangu. Ulipoanguka, sijui ungesimama wapi uniambie.

Hasira bado nnayo. Ukija utaikuta, tutagombana, mama'ako atatuamua. Lakini siku ile ungeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Bi Nassra hukuombea dua kila siku kwa jina lako, na jina la Kurwa, na mimi ananiruka.

Mwezi ujao tunaanza kuujenga upande wa mlango, mawe mapya, chokaa tushailaza majini. Kamba ya kunyooshea ukuta hushikwa na watu wawili, na mwenzangu hawezi tena. Kazi hiyo haina cheo, na jioni mikono huchubuka. Bi Sumaiya nimemweleza wewe ni nani na ulifanya nini, sikumficha. Hakusema ndiyo. Kasema akuone kwanza.

Ukitaka kubaki kwenye mikate, baki, sitakukasirikia kwa hilo. Ukitaka kuja, njoo na viatu vizito.

Baba yako,
Jaku