Barua ya Kumsifu Roza

Igowole, 4 Machi 2024

Wifi Catherine,

Kamwene. Habari za Mbeya, na magoti yako? Mimi mzima, ila mvua imeharibu viazi. Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu unanishinda maneno.

Roza kaja na fomu. Jeshi limemruhusu kwenda ng'ambo miezi sita, kuuguza majeruhi wa vita kwenye hospitali ya mahema. Hao wa misaada wanataka barua ya muuguzi mkubwa aliyemfundisha kazi, na huyo ni wewe. Nakuomba, wifi, mwandikie barua mbaya. Sema ni mvivu. Baba yake alishafariki, nimebaki na huyu mmoja.

Wifi yako,
Yusta

Mbeya, 13 Machi 2024

Wifi Yusta,

Kamwene. Barua na viazi nimevipata kwa kondakta, asante. Magoti ni yaleyale ya uzee.

Umechelewa. Barua imeondoka Jumatatu. Na hata ungewahi, ningemwitaje mvivu mtoto niliyemwona akihudumia askari kumi na mmoja wa ajali ya lori bila kukaa chini? Nimeandika kwamba mkono wake hautetemeki, na kwamba hamwachi mgonjwa. Nikasirikie ukitaka, lakini mpe baraka zako.

Wifi yako,
Catherine

Igowole, 2 Juni 2024

Wifi,

Hujambo? Roza alikuwa ananipigia kila Jumapili. Leo ni ya tatu, kimya. Mchungaji Obeid amenisaidia kupiga namba ya hao waliomchukua. Wanasema kwenye karatasi zao Roza hana mzazi. Nikawaambia mimi ndiye mama, wakakata simu. Jeshini wananiambia nisubiri. Kuna nini, wifi?

Yusta

Mbeya, 9 Juni 2024

Wifi Yusta,

Sina uso wa kukusalimia. Wale wa misaada waliuliza kama ana mzazi anayemtegemea, maana mwenye mzazi wa hivyo hawamchukui. Roza alilia hapa sebuleni kwangu. Nikaandika hana mzazi, mlezi ni mimi. Kwetu shangazi ni baba, nikajiambia si uongo mkubwa.

Kwa hiyo walinipigia mimi, tarehe 17 Mei. Waliagizwa kuhama, wenzake wakapanda magari. Yeye alibaki na wagonjwa watatu wasiobebeka. Hajulikani aliko. Mara mbili nimefika stendi nije kukuambia, nikarudi nyumbani.

Nisamehe,
Catherine

Igowole, 16 Juni 2024

Wifi,

Kamwene. Barua yako nimeisomea shambani, kisha nikaendelea kuchimba viazi, sikujua mikono niifanye nini.

Nimekuchukia siku tatu, ya nne nimechoka. Uliandika hamwachi mgonjwa, na ni kweli. Kaniacha mimi.

Nakuomba kitu kimoja. Barua zako zinasikilizwa. Keti uandike nyingine, na safari hii usimsifu mtu. Andika tu kwamba Roza Kalinga ana mama, anaitwa Yusta, yuko Igowole, na habari yoyote waniambie mimi mwenyewe. Namba yangu unayo. Mchungaji ameniruhusu nisiizime simu hata kanisani.

Wifi yako,
Mama Roza