Kanda ya Pili Haina Pasipoti

Ndugu yangu Shomari,

Ulifariki Alhamisi ya juma lililopita, siku tano baada ya kututafsiria kanda ya kwanza ya ile filamu ya Kitamil. Mimi nimepoteza rafiki. Watu thelathini na wanane wa ukumbi wetu huku ughaibuni wamepoteza nusu ya filamu, na mazishini walinipa pole kwa yote mawili.

Kanda ya pili ninayo. Niliibeba mpaka Springfield, kwa yule mzee wa Kitamil anayekodisha video, anieleze ili Jumamosi nitafsiri mwenyewe. Akataka tuanze na ya kwanza. Dakika ya kumi nikamwambia, hapa stelingi anamwapia mama yake kuwa atawatetea watumishi wa ndani. Mzee akanitazama sana.

"Hapa anaomba chai."

Shomari. Miaka minne nakuweka kiti cha mbele, na soda mbili juu, kumbe Kitamil chako ni cha jikoni mle hotelini ulimofanya kazi: mchele, chumvi, fanya haraka! Mimi niliyeanza na ndoo moja na dekio, leo nina vani mbili za usafi, sijawahi kumdanganya mteja. Wewe umedanganya ukumbi mzima. Nimehesabu: ngumi saba, nyimbo nne, hotuba hakuna. Hotuba zote kumi na moja ni zako, na ile ndefu kuliko zote umeipachika stelingi akichana nywele. Na kila nilipokulalamikia kwamba watu wamekuja kumwona stelingi, si kuhubiriwa, ulinijibu vilevile: "Stelingi kazi yake kuwakalisha. Wakishakaa, waambiwe kitu."

Haya, mmoja kaambiwa. Mwajuma wa Temple Hills, yule anayelea watoto wa bosi aliyemfungia pasipoti kabatini. Alinifuata tukitoka makaburini.

"Kaka Hamisi, nangoja nione stelingi anaidai vipi pasipoti ya dada yake. Akiipata, Jumatatu na mimi naidai yangu."

Hakuna pasipoti, Shomari. Hata dada hakuna. Mzee anasema kinachotafutwa ni almasi. Stelingi anaua watu kumi na watatu, kisha anaoa.

Nikitafsiri kweli, Mwajuma atarudi kunyamaza. Nikiendeleza ya kwako, nahofia asije akaenda kwa bosi na ngumi. Kwa hiyo nimetafuta mwanasheria asiyetoza watu kama yeye, nimepata namba yake ya simu. Stelingi anapopanda pikipiki, hasemi neno kwa dakika mbili na nusu. Nimepima kwa saa: namba inatajika mara sita, polepole, na mwenye kalamu akaandika.

Bado moyo unanisuta. Ungekuwepo ungenicheka, na ningekubali kuchekwa.

Pumzika, ndugu yangu. Kiti chako hatakikalia mgeni, nitakikalia mimi, na Mwajuma sitamwacha aende peke yake hiyo Jumatatu. Ila uongo huu ni wako, ruhusa nataka kwako. Jumamosi saa moja jioni nawasha deki ya video. Njoo ndotoni kabla ya hapo unijibu: stelingi aitaje namba, au asiitaje?

Hamisi