Tabibu wa Nyuma ya Pazia: Mwaka Mmoja Bila Baba Yetu, Kasiani Hyera

Baba, Alhamisi hii, tarehe 14 Agosti 2008, mwaka unatimia tangu ulipotutoka. Ulikuwa umemaliza chai yako hapa nyumbani Likombe, ukamwomba Mama akuletee miwani. Aliporudi nayo hukuweza tena kuipokea. Kiharusi hakikutupa nafasi ya kuagana, na jioni hiyo hiyo, hospitalini, ulipumzika. Tuliyotaka kukuambia siku ile tunakuambia sasa, na wasomaji watuwie radhi tukizungumza nawe kana kwamba umekaa hapa kibarazani.

Ulikuja Mtwara mwaka 1979 kutoka Mbinga, na sanduku la bati na cheti cha tabibu. Watu wa huku walikucheka kwa mambo mawili: uliogopa bahari, na hukukubali kwamba kahawa haioti kwenye mchanga. Mara mbili ulileta miche kutoka kwenu, mara mbili ikakauka. Mara ya tatu Mama aliitoa kwenye begi wakati basi linapakia, akampa dada yako, akakaa kwenye kiti chake kimya. Ulikuja kugundua mmeshafika Masasi.

Kwa miaka kumi na minane ulikuwa tabibu wa zahanati ya Mnalimba, kijiji kilicho mbele ya Madimba, unapoelekea mdomo wa Ruvuma. Tulikulia pale, kwenye nyumba ya mganga yenye vyumba viwili. Ulikuwa mtu wa maneno machache. Ulinyoa ndevu kila asubuhi hata siku ambayo hakuna wa kukuona, na mtangazaji wa redio akikosea Kiswahili ulimsahihisha kwa sauti, kama anakusikia.

Kuna jambo ulituambia mara moja tu, na hatujalisahau. Mwaka 1998 Bi Hadija, jirani yetu aliyekuwa akituletea mihogo ya kuchemsha, alikuja kwako mara nne akilalamika kutokwa damu. Mara zote nne alikataa kupimwa na mwanamume, na mara zote nne ulimpa dawa za vidonge ukamwacha aende. Alipofikishwa hospitalini, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Ulikwenda kumzika. Uliporudi ulisema, "Sikumlazimisha kwa sababu na mimi niliona aibu." Ukaingia ndani.

Mwaka uliofuata ukaitwa kwenye semina mjini. Aliyefundisha alikuwa daktari bingwa wa saratani kutoka Dar es Salaam, Dk. Nuru. Siku mbili alionyesha namna ya kupima kwa siki iliyochanganywa na maji: unapaka kwenye mlango wa kizazi, unasubiri dakika moja, na penye mashaka panageuka peupe. Siku ya mwisho akawaambia, "Mimi siwezi kukaa Mtwara, na wagonjwa wenu wengi hawawezi kuja Dar. Basi tupigiane simu. Kila Alhamisi saa nane mchana nitakuwa mezani kwangu." Wenzako waliandika namba yake. Wewe uliandika na swali la kuanzia.

Hivyo Alhamisi zako zikapata kazi. Ulipanda baiskeli asubuhi hadi mjini, kwenye ofisi ya mganga mkuu wa wilaya iliyokuwa na simu ya mezani, ukasubiri zamu yako. Swali lako la kwanza lilikuwa moja: "Dokta, wanawake wa Mnalimba hawataki kupimwa na mimi. Nifanyeje?" Akakujibu, "Wana haki. Mtafute wanayemtaka."

Ulimtafuta, na hakuwa mbali. Bi Zainabu, mhudumu wa zahanati, ndiye aliyekuwa akipima uzito wa watoto na kuchemsha vifaa. Nje ya zahanati alikuwa kungwi. Nusu ya wanawake wa kijiji aliwafunda yeye walipokuwa wasichana, na mbele yake hawakuwa na cha kuficha. Alikuwa na elimu ya darasa la saba, na kuna waliokuambia unacheza. Dk. Nuru alipomtafutia nafasi ya mafunzo hospitalini kwao Dar, ulimsindikiza mpaka kituo cha mabasi. Wiki tatu alizokuwa huko ulichemsha vifaa mwenyewe.

Simu za mkononi zilipofika, mtandao wa Mnalimba ulishika sehemu moja tu: nje ya dirisha la chumba cha uchunguzi, juu ya matofali matatu. Ndipo kazi yenu ilipopata umbo ambalo kijiji kizima kililijua. Bi Zainabu ndani na mgonjwa, pazia limefungwa. Wewe nje juu ya matofali, simu sikioni, mgongo kwenye dirisha. Dk. Nuru Dar es Salaam. Alichouliza ulikipitisha ndani, alichojibu Bi Zainabu ulikipeleka Dar. Wapita njia walikusalimia, na wewe uliinua mkono bila kugeuka.

Oktoba 2004 alikuja Saida, mke wa Rashidi, mama wa watoto wanne. Hakuwa akiumwa chochote. Bi Zainabu ndiye aliyemwambia aje. Mimi Agnes nilikuwa likizo, nimekaa kizingitini, nikasikia yote.

"Nimepaka," Bi Zainabu alisema kutoka ndani. Dakika ikapita. "Tabibu, weupe upo."

Ukasema kwenye simu, ukasikiliza. "Dokta anauliza, ni kama ukungu, au una kingo?"

"Mwambie ni kama ukoko wa wali. Mweupe, mzito, na kingo zake naziona."

Ulisita kidogo kabla ya kumwambia daktari bingwa habari za ukoko. Lakini ulimwambia, na jibu ulilipitisha dirishani vile vile: "Anasema hajawahi kuelezwa vizuri zaidi. Anamtaka Dar, na asichelewe."

Rashidi alikataa. Ulikuwa msimu wa korosho, nazo zilikuwa zinaanguka. Ulimwita zahanati, akasimama mbele yako na kofia mkononi.

"Bwana Tabibu, mke wangu analima, anapika, analala. Mtu mzima hivi nimpeleke Dar kutibiwa nini?"

Hukubishana naye. Ulimpandisha kwenye matofali ukampa simu. Akamuuliza Dk. Nuru, "Wewe mama, umemwona mke wangu?"

"Sijamwona."

"Sasa unajuaje?"

"Aliyemwona yuko hapo kwenu. Muulize yeye."

Rashidi akashuka, akamgeukia Bi Zainabu. Bi Zainabu hakumzungusha. "Rashidi, nilimfunda Saida, nikamfunda na dada yako. Nilichokiona ni mwanzo wa kile kilichomuua Hadija. Leo ni kidogo, kinatolewa. Ukikiacha, utakuja kunililia hapa na mimi sitakuwa na la kukuambia."

Rashidi aliivaa kofia yake. Kisha akasema, "Na korosho je?"

"Korosho nitaokota mimi," ukamjibu.

Tulidhani unasema tu. Kesho yake ulitupeleka wote shambani kwa Rashidi: Mama, wadogo zangu Mathayo na Amani, na mimi. Wiki tatu, kila jioni ukishafunga zahanati, uliinama na ndoo ukiokota korosho za mtu, ukilalamika kiuno. Saida alitibiwa. Alirudi na Rashidi mwezi wa kumi na moja, na mpaka leo anapimwa kila mwaka, na ni mzima.

Si wote walirudi hivyo. Mzee Mussa wa uvimbe wa koo hakuwa na pa kupelekwa tena. Kwake Dk. Nuru alikufundisha kwa simu namna ya kumpa dawa ya maumivu, kiasi gani, kila baada ya saa ngapi, na ulimpelekea mwenyewe hadi siku yake ya mwisho. Mkewe alituambia kwamba mwezi ule mumewe alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu mwaka uliotangulia. Hilo nalo uliliita kazi, ukakasirika mtu alipoliita huruma.

Baba, tutasema na lile ambalo hukupenda lisemwe. Mwaka 2005 ulinuna. Dk. Nuru alikuwa ameanza kusema, "Nipe Bi Zainabu mwenyewe." Alhamisi moja ulimpa simu kupitia dirishani, ukabaki umesimama juu ya matofali huna cha kufanya, wao wakiongea na kucheka nusu saa nzima. Ulirudi nyumbani ukala nusu sahani. Mama akakuuliza kulikoni.

"Mimi ndiye tabibu," ukasema. "Yeye ni mhudumu."

Mama alikutazama. "Baba Agnes, ulimtafuta wewe. Ulitaka ajue, au ulitaka asijue?"

Alhamisi iliyofuata, saa nane kasoro, ulibisha hodi chumba cha uchunguzi, ukamwita Bi Zainabu nje mbele ya wanawake waliokuwa kwenye benchi. Ukamwekea simu mkononi. Ukamwambia, "Kuanzia leo hii ni yako. Ongea na Dokta wewe, nami nikiwa na swali nitakuuliza." Bi Zainabu alikuambia asingeweza bila wewe. Ukamwambia, "Unaweza. Mimi nimekuwa nikirudia maneno tu." Kisha ukaenda kupima mtoto aliyekuwa na homa.

Bi Zainabu alitusimulia hayo siku ya arobaini yako. Alisema Dk. Nuru aliposikia sauti yake badala ya yako alidhani umepatwa na jambo.

Ulistaafu Desemba 2006, tukahamia Likombe. Wengi walidhani utapumzika, ila uliendelea kwenda Mnalimba mara moja kwa mwezi, ukakaa kwenye benchi la wagonjwa kama mgeni. Tulipokuuliza unafanya nini huko, ulisema, "Nasikiliza." Mwezi mmoja kabla hujatutoka ulirudi ukiwa umefurahi kuliko kawaida yako. Dk. Nuru alikuwa amesema mgonjwa mmoja asubiri miezi sita ndipo apimwe tena, Bi Zainabu akamjibu, "Hapana Dokta, huyu hatasubiri, njia ya kwao inafungwa na mvua." Dokta akakubali. Ulisimulia kisa hicho mara mbili usiku ule, wewe ambaye hukuwa na mazoea ya kusimulia.

Sasa tukupe habari za mwaka huu. Mathayo ameoa, na mkwe wako ni wa Mtawanya. Amani amefaulu kwenda chuo cha uuguzi, hakuna aliyemsukuma. Zahanati nyingine tatu za huko chini zinampigia Bi Zainabu Alhamisi asubuhi, naye anampigia Dk. Nuru mchana. Tabibu mpya ni kijana mpole. Husimama nje ya pazia.

Na kuna moja ambalo Mama ametutuma tukuambie, kwa kuwa mwenyewe limemshinda. Miaka yote ile ulipokuwa ukiwahimiza wake za watu, na yeye ulimwuliza, akakuambia alishapima mjini na hana tatizo. Haikuwa kweli, Baba. Hakuwa amepima popote. Aliona aibu kupimwa mahali ambapo kila mtu anamjua kuwa mke wa tabibu, na kukuambia ukweli ikawa aibu zaidi. Mwezi Machi alivaa gauni lake la kanisani, akapanda gari hadi Mnalimba, akakaa kwenye foleni pamoja na wengine. Bi Zainabu alipomwona alimshika mkono. Alipompima alimkuta ni mzima. Mama amesema tukuambie hivi: samahani, na amepima.

Wanaokukumbuka ni mkeo Lucy. Wanao Agnes, Mathayo na Amani. Mkwe wako Amina. Kaka yako Stefano na dada zako wa Mbinga. Ndugu wa ukoo wa Hyera popote walipo. Bi Zainabu na watumishi wa zahanati. Pamoja na Dk. Nuru, aliyeomba jina lake liwe hapa kati ya ndugu. Misa itakuwa Jumapili, tarehe 17 Agosti, saa tatu asubuhi, kisha chakula nyumbani Likombe.

Pumzika kwa amani, Baba. Siku zote tutakazojaliwa, tutakukumbuka.