Mafuta ya Upako na Mtungi wa Oksijeni

Kasulu, Alhamisi

Bado naona aibu kwa namna nilivyomfokea yule bibi wa Makere.

Mjukuu wake yuko kwenye oksijeni. Leo asubuhi bibi alitoa kichupa cha mafuta ya upako, akataka kuupaka mtungi, tena pale kwenye koki, ili hewa isiishe. Nikapiga kelele. Mafuta yakigusana na oksijeni yanaweza kulipuka, na wodi imejaa watoto. Bibi akaanza kulia.

Mzee Shabani, mtunza mitungi wetu, hakupandisha sauti. Yeye ni mtu wa swala tano, lakini alichuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama. Chuma hiki hakiumwi, anayeumwa ni mtoto. Mpake yeye, miguuni, halafu ukanawe kwa sabuni. Mtungi tuuombee kwa mdomo tu."

Bibi akajifuta machozi, akamtaja Mungu kwa Kiha. "Imana akubariki, mwanangu."

Miaka yote ile ya chuo cha uuguzi, na maneno kama hayo sikuwa nayo.

Mchana mtungi uliisha. Nikanyoosha mkono nifungue mwingine, Mzee Shabani akanizuia taratibu.

"Sista, na hiyo losheni mikononi?"

Nikaenda kunawa. Hakunifokea.