Ndege Mwenye Uzi wa Njano

Kamina, tarehe 14 Machi 1954

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mwanao. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na ile baridi ya asubuhi inayotoka mtoni haikubani tena kifua. Ukitaka kujua habari zangu, mwili ni salama, ninakula na ninalala. Jean naye ni mzima. Jana amepanda na treni yake kuja huko Bukama, kwa hiyo huenda ukamwona kabla hujasikia maneno haya. Namsalimu pia Lucienne, mdogo wangu, ambaye najua ndiye ameishika karatasi hii anakusomea. Asome polepole, asiruke kitu.

Mama, ulimtuma Jean aniulize kwa nini niko kimya tangu mvua zianze, na kama kuna neno ulilonikosea. Uliuliza pia kama ndege wangu hawajambo. Hayo yote ni jambo moja, na leo nakujibu. Nitaanza na ndege. Univumilie nikikueleza hata yale unayoyajua, maana siku hizi sijui tena wewe unajua nini na hujui nini.

Unakumbuka surua ilipomchukua mtoto wangu Ngoie, kile chumba kidogo cha nyuma kilibaki kitupu. Sikuweza kuingia. Nikipita mlangoni nageuza uso. Mwaka uliofuata Jean alirudi safari akaniambia amepata wazo, tufuge ndege wadogo humo ndani. Nilimcheka. Kwetu ndege ni wa kutegwa kwa ulimbo na kuliwa kwa ugali wetu wa bukari, marehemu baba alitulea hivyo. Nani analisha ndege asiyemla? Lakini kesho yake alikuja na wavu wa waya begani, na uso wake ulikuwa na huruma kiasi kwamba sikuweza kumkatalia.

Tulikifanya chumba pamoja. Dirishani aliweka waya, mbao za dirisha zikabaki nje za kufunga wakati wa upepo, kwa sababu upepo unaopita moja kwa moja huwaua upesi kuliko paka. Mlangoni kwa ndani nilitundika pazia la gunia: unaingia, unafunga mlango, ndipo unainua pazia. Chini tulimwaga mchanga. Kwenye pembe tulisimamisha matawi ya mapera, si moja juu ya lingine, maana wa juu watachafua maji ya wa chini. Maji ni ya sahani pana yenye jiwe katikati, wasizame. Viota ni vibuyu vya zamani na makopo ya maziwa niliyoyafunga majani. Chakula ni ulezi, mchwa kidogo wakati wa vifaranga, na maganda ya mayai yaliyosagwa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kufikiri ndege wote wadogo wanapatana. Jean aliniletea mmoja wa mgongo wa kijani na uso mwekundu, mwimbaji hodari, nami nikamwingiza kwa furaha. Aliwafukuza wale wadogo wekundu, wale wanaookota unga hata jikoni, mpaka mmoja akafa amejibana nyuma ya kopo. Nikamtoa huyo bwana mkubwa nikamwachilia aende akaimbe porini. Tangu hapo nilijifunza. Wale wa tumbo la bluu hawana ugomvi na mtu. Wale wa kahawia wenye kichwa cheusi wanalala wote katika kibuyu kimoja, wamebanana, hakuna anayelalamika. Wekundu, weka dume mmoja na jike wake, basi. Na viota viwe vingi kuliko majozi, asiwepo wa kutamani cha mwenzake.

Na mgeni haingii siku ileile. Anakaa kwanza peke yake katika kitundu kilichofunikwa kitambaa, pale chumbani kwetu, mpaka nione anakula na tumbo lake liko sawa. Ndege aliyetoka porini ananipa shida sana siku hizo. Anajipiga kwenye fito mpaka paji la uso linatoka damu, na nikipitisha mkono anakuwa kama mwehu.

Watu wa kambi yetu ya reli walicheka, halafu wakaanza kuja kutazama baada ya misa. Saumu, mke wa Sudi mwenye duka, ananiletea ulezi uliomwagika sakafuni kwao, na anakaa nami humo tukifuma na kusengenya. Siku wale wa bluu walipotoa vifaranga nililia humo ndani, Jean akanishika mabega. Nilikuandikia kukushukuru kwa kunilea hata nikapata mume wa namna hii. Nikiikumbuka barua ile nasikia haya, na si mimi niliyepaswa kuisikia.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kila niliposema nataka kuja Bukama kukuona, Jean aliniuliza nani atawalisha ndege. Nawe ukawa unakuja Kamina mwenyewe na goti lako bovu, ukisema njia ni ngumu, na nyumba inavuja, nisijisumbue. Nikasema, jamani, nina mama anayenipenda.

Mvua zilipoanza, Jean alirudi na dume mwekundu katika kikapu. Akasema, "Miye nilimupata kwa batoto ba stesheni ya Luena, banamutega leo asubui." Nikaandaa kitundu na kitambaa. Nilipotia mkono, yule ndege akapanda kidoleni kwangu, akafungua mdomo, akangoja nimlishe.

Mama, ndege aliyetegwa asubuhi hakai kidoleni jioni. Huyu amelelewa na mtu, na mtu huyo alimfunga mguuni kiuzi cha sufu, fundo baya baya, la vidole vya mtoto. Sufu ya njano. Unaijua sufu hiyo. Nilikununulia mimi kwa Sudi ujifumie shali ya kifua. Alileta furushi moja tu la rangi ile, na Kamina nzima hakuna mwingine aliyeitaka, wanawake walisema ni njano ya kuumiza macho. Wakati wa kula nikamuuliza Jean tena, bila kukaza sauti, ndege huyu katoka wapi. Akasema amempata kwa mzee mmoja wa samaki. Watoto wa Luena walikuwa wamekwisha sahaulika. Nikamwongezea mboga.

Sasa nakuambia neno ambalo Saumu peke yake analijua. Mama, nilikuja Bukama.

Ilikuwa Januari, Jean alipopangiwa safari ya upande wa Kasai. Saumu alikuwa anakwenda kununua samaki wakavu, nikapanda naye, ndege nikamwachia jirani. Nilikuja kwako kwa nia njema, nilibeba sukari na kahawa. Nilipita njia ya nyuma, kwenye mihogo, ili nikushtue ucheke. Nikakuona umekaa mkekani na sindano zako za kufuma. Lucienne alikuwa anatwanga. Na mtoto wa kiume, kama wa miaka minne hivi, alikuwa anakimbiza vifaranga vya kuku, kichwani ana kofia ya sufu ya njano.

Hata hapo, mama, nilikutafutia njia ya kutokea. Nikasema ni mtoto wa jirani. Ndipo ukaita, "Ngoie, weye, acha kuku! Kuya kwa nkambo!" Mtoto akageuka akujie wewe bibi yake, na masikio yalikuwa ya Jean, yale yaliyosimama. Akaja akakuegemea goti, lile linalokuuma, akauliza kama papa, baba yake, amekwisha kumtia ndege wake katika nyumba ya ndege ya Kamina. Lucienne akamjibu kutoka kwenye kinu, "Papa iko na treni, atakuya, utamuuliza yeye."

Kumbe kile chumba changu ni hadithi anayohadithiwa mtoto huyo kabla ya kulala.

Sikukusalimu. Mimi, mtoto wa tumbo lako, nilifika mpaka ukingo wa uwanja wako nikarudi stesheni bila kukusalimu, na sukari yako mkononi. Saumu alinibebea mfuko.

Lucienne, usinyamaze hapo. Soma. Mama hajui kusoma, lakini anajua barua zangu si fupi. Nilikubeba mgongoni mama yako, shangazi yangu, alipokufa. Gauni langu la komunyo ulivaa wewe. Barua zangu zote za kumlilia mwanangu ulizisoma wewe kwa sauti yako, na sijui nani alikuwa amelala mapajani mwako ulipokuwa unazisoma.

Jean aliporudi nilimuuliza, na safari hii hakudanganya. Alisema daktari alimwambia, baada ya ile homa ya uzazi iliyonipata nilipomzaa Ngoie wangu, kwamba sitazaa tena, naye akakuambia wewe, si mimi. Akasema wajomba zake walianza kutaka nirudishwe kwetu. Wewe ukaenda kwao ukasema nyumba yetu itatoa mwanamke mwingine wa damu ileile, Lucienne, amzalie Jean, na ndoa isimame. Mkakubaliana kwa siri kwa sababu ya padri, asiyekubali mke wa pili. Nami nilipomuuliza habari ya ndege, akainamisha kichwa, akasema hata hilo lilikuwa shauri lako: kwamba nipewe kitu cha kulea, nisiwe na nafasi ya kuuliza.

Mama, sisemi ulinichukia. Uliogopa nisije nikarudi kwako na sanduku kichwani, watu wakitazama. Labda ungeniuliza ningelia, ningekataa, halafu siku moja ningekubali. Wanawake wengine wamekubali. Lakini mlikaa mkayapanga yote hayo juu yangu kama mtu aliyekwisha kufa. Habari ya mume tungeongea. Lakini jina! Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jina la mtoto aliyekufa halitolewi kwa mtoto mwingine mpaka mama yake aulizwe, na wewe ndiye uliyelitoa. Hapa kambini kwa heshima bado wananiita Mama Ngoie. Sasa tuko wawili, na ni mimi nisiye na mtoto.

Jean bado analala hapa na ninampikia. Juu yake sijakata neno. Juu yako nimekata. Nakupenda na nimekukasirikia.

Mtoto hana kosa. Ndege wake ni mzima, nimempatia jike, lakini kila nikiingia anakuja mkononi, na mimi siye anayemngoja. Basi mlete mtoto. Usimtume Jean, usimtume Lucienne. Panda treni wewe mwenyewe, ingia kwa mlango wangu wa mbele, umeshika mkono wake. Nitampa chai, nitamwinulia pazia aone nyumba anayohadithiwa. Usipokuja, usimtume tena mtu kuniuliza kwa nini niko kimya. Ukija, sitamuuliza yeye jina lake. Nitakutazama wewe, nawe utaniambia kwa kinywa chako mtoto huyu anaitwa nani na nani alikuruhusu.

Wasalimie jirani wote wa huko, ambao naona walijua kabla yangu. Mungu alitunze goti lako mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Noémie