Plato ya Meno Arobaini na Sita

Nyantende, kando ya Bukavu

Kaka yangu Polycarpe,

Pokea salamu zetu sote. Habari za Gand huko Ubelgiji, habari za kazi, habari za shemeji Micheline na watoto? Huku Maman anakula vizuri, maharagwe yameota na mvua haijatuonea. Asiye mzima ni Papa. Goti lake lilivimba kama boga, hadi leo halijapoa lote, na aliyelivimbisha ni wewe. Nimekusalimu kama desturi inavyotaka. Sasa kaa chini usome, maana nina hasira. Ningekupigia simu ungekata tena. Barua haikatwi.

Baiskeli uliyomtumia Papa miaka miwili iliyopita ni nzuri, hakuna anayebisha. Hakuna katekista mwingine huku mwenye kama ile. Lakini uliichagua ukiwa huko, ambako mlima wenu mrefu kuliko yote, kwa maneno yako mwenyewe, ni daraja la mfereji. Plato ya mbele, ile duara inayozungushwa na pedali, ina meno arobaini na sita. Ya nyuma iliyo kubwa kuliko zote ina ishirini na tano tu. Kwenye lami baiskeli inaruka. Kwenye njia ya kapela yetu, lile kanisa dogo la mlimani, penye mawe, makorongo na udongo unaoteleza, kila ukikanyaga ni kama kuinua gunia la mihogo kwa mguu mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kaka.

Kisha ukatuma sauti kwenye simu kwamba Agosti, kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, utakuja na wenzako wa klabu ya baiskeli, na Papa ndiye atakayewaongoza kupanda hadi kapela. Ulicheka sana mle. Papa hakucheka. Asubuhi iliyofuata alichukua baiskeli akaenda kujaribu peke yake. Alipofika kwenye mawe makubwa chini ya shamba la Maman Rosette, mguu ulishindwa kuzungusha, baiskeli ikasimama, na mzee wa miaka sitini na nane akaangukia goti. Maman Rosette alimleta akimshika mkono, akamwambia Maman: "Huyu muzee anatafuta kufa mbele ya wakati."

Nikakupigia kukuomba ruhusa ya kubadilisha meno. Ukanijibu kwamba gia ndogo ni za wamama, kwamba Papa amepanda mlima ule miaka miwili na plato ileile, na kwamba picha unazo, umezitundika hadi kazini. Ukakata. Mimi, kaka, ni mmoja wa hao wamama. Napanda njia hiyo na baiskeli yangu kila siku ya shule kwenda kufundisha, na sijasikia bado jiwe likiuliza anayepita ni mwanamume au mwanamke.

Sikungoja ruhusa. Nilienda kwa Guylain, fundi wa baiskeli wa mtaa wa Kasha. Yeye alitaka tufunge plato ya meno ishirini na mbili. Nikaijaribu mwenyewe kwanza: miguu inazunguka bure, huendi popote, na penye mawe gurudumu la mbele linanyanyuka. Ile ingemwangusha Papa chali. Tukachagua thelathini mbele, arobaini na mbili nyuma, na mnyororo mrefu kuliko wa kwanza. Hapo unapanda umekaa, gurudumu la nyuma linashika udongo, na mguu haukwami. Waambie na wenzako: kwa mlima wetu, meno ya mbele yawe machache kuliko ya nyuma, la sivyo wabaki wanakunywa chai na Maman.

Papa alipoiona alifoka hadi majirani wakatoka. "Mutoto wangu alinitumia kinga, baiskeli nzima, na wewe uko unaikatakata?" Nami nikafoka. Nikamwuliza, kama plato ile ilikuwa nzuri hivyo, alipandaje nayo miaka yote, na kwa nini ilimwangusha sasa. Ndipo akaniambia ukweli.

Polycarpe, kwa plato ile Papa hakuwahi kupanda mlima ule akiwa juu ya baiskeli yako. Hata mara moja. Kila Jumapili aliisukuma, mgongo umepinda, na nyuma ya mikaratusi ya kapela alifuta jasho, akakwea baiskeli, akaingia uwanjani anakanyaga. Picha zako zote zilipigwa uwanjani pale. Nilimwuliza kwa nini hakukuambia. Alisema: "Alinunua na roho yake yote. Usimuambie, ataumia." Nimekuambia, na natumaini umeumia.

Goti lilipopoa kidogo alishindwa kuvumilia, akatoka nayo Jumapili iliyopita. Alipanda polepole, amekaa, akapita yale mawe, hadi juu. Nilikuwa nyuma yake nalia, picha sikupiga. Plato yako hakutaka itupwe. Ameipaka mafuta akaitundika sebuleni, kando ya picha ya ndoa yako.

Maman anakubariki. Papa anakusalimu, na hajui kwamba nimeandika. Wabusu watoto. Njoo Agosti, tunakungoja. Mlimani utakaa nyuma yake. Ukishindwa, shuka usukume bila haya. Papa amesukuma miaka miwili kwa ajili yako.

Mdogo wako, ambaye hasira haijamwisha,

Consolate